Dakika 3 au dakika 15: saa ipi imfae mchezaji wa ridhaa wa sataranji mtandaoni

Muulize mchezaji wa ridhaa wa sataranji mtandaoni anachezaje, naye atakujibu kwa sifa: mimi ni mtu wa mashambulizi, au mimi hujenga polepole na kumsubiri mpinzani akosee. Sifa hizo huwa za kweli kwa kiasi, lakini ukizikagua hatua za mchezaji huyohuyo katika michezo ya dakika 3 na katika michezo ya dakika 15, mara nyingi utadhani unatazama watu wawili. Aliyekuwa akitoa kete kafara ovyo katika mchezo mfupi huonekana mtulivu na mwenye hesabu katika mchezo mrefu, na aliyejiita mlinzi hugundulika kwamba alikuwa akiogopa tu kuishiwa na muda. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaanza na saa. Saa ndiyo inayoamua ni fikra ya aina gani itakayopata nafasi kabla kete haijasogea, na mtindo hufuata nyuma yake.

Upande wa kwanza ni mchezo wa dakika 3 kwa kila mchezaji, uwe bila nyongeza au wenye nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua, ambao wachezaji huuita blitzi. Upande wa pili ni mchezo wa dakika 15 wenye nyongeza ya sekunde 10, ulio katika kundi la rapidi. Saa hizi sikuziokota tu: dakika 3 na sekunde 2 ndiyo saa ya michuano ya dunia ya blitzi ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, na dakika 15 na sekunde 10 ndiyo saa ya michuano ya dunia ya rapidi. Mgeni ajue pia kwamba mipaka ya makundi haya haifanani kila mahali. Jukwaa la mtandaoni la Lichess hukadiria urefu wa mchezo kwa kuchukua muda wa kuanzia na kuujumlisha na nyongeza mara 40, na mchezo usiofika sekunde 480 kwa mchezaji huhesabiwa blitzi au chini yake. Hivyo mchezo wa dakika 10 bila nyongeza ni rapidi huko, kama ulivyo rapidi kwenye jukwaa la Chess.com, ilhali kanuni za FIDE huuhesabu kuwa blitzi.

Sekunde 4 na nusu, sekunde 32 na nusu

Chukua mchezo wa hatua 40. Katika dakika 3 bila nyongeza, kila hatua ina wastani wa sekunde 4 na nusu. Ukiwa na nyongeza ya sekunde 2, wastani hupanda hadi sekunde 6 na nusu. Katika dakika 15 zenye nyongeza ya sekunde 10, wastani ni sekunde 32 na nusu. Tofauti hiyo si ya wingi wa muda peke yake. Katika sekunde 4 mchezaji wa ridhaa huweza kufanya jambo moja tu: kuona hatua inayofanana na hatua aliyowahi kuicheza, na kuicheza tena. Katika sekunde 32 anaweza kuuliza swali ambalo ndilo moyo wa sataranji, yaani mpinzani wangu anataka nini kwa hatua aliyocheza sasa hivi, kisha akapima majibu mawili au matatu, na kabla ya kuachilia kete akatazama tena kama kuna chochote alichokiacha bila mlinzi.

Utafiti maarufu wa William Chase na Herbert Simon wa mwaka 1973 unalieleza jambo hili vizuri. Wachezaji mahiri walioonyeshwa ubao kwa sekunde chache waliweza kuupanga upya kwa usahihi mkubwa kuliko wachezaji wa kawaida, lakini pale kete zilipotawanywa bila mpangilio wa mchezo halisi, ubora wao karibu wote ulitoweka. Walichokuwa nacho ni hazina ya mipangilio inayotambulika kwa mkupuo, na kumbukumbu yao kwa jumla haikuwa ya ajabu. Ndiyo maana bingwa hung'ara katika dakika 3: anachota katika hazina aliyoijaza kwa miaka mingi ya michezo mirefu. Mchezaji wa ridhaa anayemwiga bingwa kwa kucheza blitzi pekee anachota katika hazina ambayo bado haijajaa, na kila anapoharakisha anayakomaza makosa yaleyale kwa kuyarudia.

Upande wa dakika 3 una haki yake hapa, na ingekuwa dhuluma kuinyamazia. Katika saa moja unaweza kucheza michezo kumi au zaidi, kwa kuwa mmoja usio na nyongeza hauzidi dakika 6. Ukiwa unajifunza ufunguzi mpya, wingi huo ni wa thamani, maana utakutana na majibu ya wapinzani wengi kwa siku chache. Mchezo mmoja wa dakika 15 na sekunde 10 wenye hatua 40 unaweza kuchukua dakika 43, kwa hiyo saa hiyohiyo inatosha mchezo mmoja na kuupitia.

Mitego na mifumo

Tofauti ya mtindo huonekana mapema zaidi katika mafunguo. Mchezaji wa dakika 3 huvutwa na gambiti, yaani mafunguo ya kutoa kete kafara mapema, na mitego, na ana sababu. Mfano mzuri ni gambiti ya Englund. Mweupe anafungua kwa askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba kete inapotua), mweusi anajibu kwa askari wake e5 na kumtoa bure, mweupe anakula, farasi mweusi anakuja c6 na farasi mweupe f3, malkia mweusi anakuja e7, askofu mweupe anakuja f4 kumlinda askari wake, kisha malkia mweusi anarukia b4 na kumtishia mfalme. Askofu anarudi d2 kuziba, malkia anakula askari wa b2. Hapa mkono wa mweupe huenda wenyewe kwa askofu c3, kwa sababu hatua hiyo inamtishia malkia na inaonekana halali kabisa. Mweusi huweka askofu wake b4, na mweupe yumo taabani: akiziba kwa malkia d2, mweusi anamla askofu wa c3, na mweupe akila kwa malkia, malkia mweusi anashuka c1 na ni mati, yaani mfalme ametishiwa na hana pa kuokokea. Akila kwa farasi, ngome ya a1 inakwenda. Jibu sahihi lilikuwa farasi c3, linalomwacha mweupe katika hali nzuri sana.

Katika sekunde 4, askofu c3 huchezwa tena na tena. Katika sekunde 32, mchezaji wa kawaida huwa na nafasi ya kujiuliza malkia yule amefuata nini b2, na mtego hupoteza nusu ya nguvu zake. Mchezaji aliyejenga ushindi wake juu ya mitego ya aina hii huwa na mshangao mchungu anapohamia saa ndefu, kwani hujikuta ana askari mmoja pungufu na hana shambulizi lolote la kuonyesha. Alidhani ana mtindo wa kushambulia, kumbe alikuwa na orodha ya hila zilizotegemea haraka ya wengine.

Mchezaji wa dakika 15 kwa upande wake huelekea kwenye mifumo kama ule wa London, ambamo mweupe huweka askari d4, e3 na c3, askofu f4, na farasi f3 na d2, karibu bila kujali mweusi anafanya nini. Nao una hatari yake, na ninaitaja kwa uzito kwa sababu niliishi nayo kwa muda mrefu. Mtu anaweza kuzicheza hatua nane za mwanzo bila kutazama upande wa pili hata mara moja, na hivyo kuutumia mfumo kama kisingizio cha kutofikiri. Saa ndefu inakupa tu nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo unaweza kuiacha ipite. Nimepitia michezo yangu kadhaa ya dakika 15 ambamo nilishindwa nikiwa bado na dakika 14 na ushei kwenye saa, kwa sababu nyongeza ya sekunde 10 ilikuwa ikirudisha kila nilichotumia. Mchezo wa namna hiyo ni blitzi iliyovaa kanzu ya rapidi. Anayetaka kujua yuko upande gani kwa hakika aangalie saa yake mwishoni mwa mchezo, asiangalie jina la kundi alilolichagua mwanzoni.

Kutanguliza hatua

Kuna tabia moja inayoishi karibu peke yake katika michezo ya haraka: kutanguliza hatua, yaani kuiagiza hatua yako kabla mpinzani hajacheza yake. Ikitumika kwa akili ni chombo halali. Ukitanguliza kulipiza pale unapotarajia kete yako kuliwa, huna la kuogopa, kwa kuwa mpinzani asipokula, hatua yako haitawezekana na itafutwa yenyewe. Hatari iko katika kutanguliza hatua za kujipanga. Mweupe anaanza na askari b3, mweusi anacheza g6 na papo hapo anatanguliza askofu g7 kama anavyofanya katika kila mchezo. Mweupe anaweka askofu b2. Mshazari mzima mpaka h8 sasa uko wazi, askofu mweusi anatua g7 mahali asipolindwa, analiwa, na ngome ya h8 iliyo nyuma yake haina pa kukimbilia. Mchezo umekwisha kwa hatua tatu, na aliyepoteza hakuwa ameona hata moja kati ya hatua za mpinzani. Katika dakika 15 tabia hii haina faida yoyote, na mchezaji anayeihamishia huko anapaswa kuikata mara moja.

Pale kete zinapobaki chache

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo wachezaji wengi wa ridhaa hawatazami kabisa. Mchezo wa dakika 3 bila nyongeza unapofika kwenye wafalme na askari wachache, kila mmoja amebaki na sekunde kumi au pungufu, na mshindi ni mwenye mkono mwepesi. Mchezaji mwenye ngome ya ziada hupoteza kwa muda, na mwenye mfalme mtupu huendelea kukimbia akitumaini saa ya mwenzake itaisha, ingawa kanuni humpa sare tu na si ushindi, kwa kuwa mfalme peke yake hawezi kumpiga mtu mati. Baada ya michezo mia tano ya aina hii, mchezaji anaweza kuwa hajawahi hata mara moja kuumaliza kwa kufikiri mchezo wa mfalme na askari dhidi ya mfalme.

Nyongeza hubadilisha hali. Wazo la saa inayoongeza muda kwa kila hatua lilisajiliwa na bingwa wa zamani wa dunia Bobby Fischer kama hataza mwishoni mwa miaka ya 1980, na saa ya namna hiyo ilitumika katika pambano lake na Boris Spassky mwaka 1992. Kwa sekunde 10 za kila hatua, mchezaji wa ridhaa anaweza kuona kwamba wafalme wanapotazamana wakiwa na mraba mmoja kati yao, aliye zamu ndiye mwenye shida, kwa sababu lazima asogee na kumpisha mwenzake. Kanuni hiyo moja huamua sare na ushindi katika michezo isiyohesabika, na huijifunzi kwa kusimuliwa bali kwa kufika pale na kuwa na muda wa kuitumia. Ukinilazimisha kutoa sababu moja tu ya kuchagua saa yenye nyongeza, nitakupa hii, na kwa anayeshikilia dakika 3 ningemsihi angalau achukue zile zenye sekunde 2.

Kiwango na hasira

Majukwaa makubwa hupima wachezaji kwa mifumo ya mtakwimu Mark Glickman: Lichess hutumia Glicko-2 na humwanzisha kila mgeni katika 1500, na Chess.com hutumia Glicko. Kiwango cha blitzi na cha rapidi huhesabiwa kando, hivyo si haki kulinganisha namba moja na nyingine kana kwamba ni kipimo kimoja, wala namba ya jukwaa moja na ya jukwaa jingine. Mtu anaweza kuwa juu kwa pointi mia mbili katika rapidi bila kuwa mchezaji tofauti.

Kinachotofautiana hasa ni namna namba hiyo inavyomtendea mtu. Katika mchezo wa dakika 3, kitufe cha mchezo mpya hukaa palepale kidole kilipo, na mchezaji aliyeshindwa hukibonyeza ili arudishe pointi zake. Hushindwa tena kwa sababu sasa ana hasira. Hata dhidi ya wapinzani wanaolingana naye kabisa, uwezekano wa kupoteza michezo mitano mahususi mfululizo, tukiacha sare kando, ni 1 kati ya 32, na anayecheza michezo thelathini kwa usiku mmoja hapaswi kushangaa mfululizo kama huo ukimjia. Lakini yeye huuona kama ushahidi kwamba amesahau sataranji, hubadilisha ufunguzi, hucheza kwa pupa, na asubuhi namba yake imeshuka mbali na pale uwezo wake ulipo. Dakika 15 huweka breki ya asili. Baada ya mchezo wa dakika 40 watu wengi hawana hamu ya kuanza mwingine papo hapo, na uchovu huo huwasaidia.

Kushindwa katika mchezo mrefu, hata hivyo, huuma zaidi. Umejenga kwa nusu saa, ukaacha malkia bure kwa hatua moja, na hakuna mchezo wa pili wa kukufariji. Wako wanaoacha saa ndefu kwa sababu hiyo tu, nami siwalaumu. Wapinzani pia hupatikana kwa kusubiri kidogo zaidi, wengine huondoka katikati bila kukubali kushindwa na kukuacha ukitazama saa ikiisha, na muda mrefu humrahisishia mdanganyifu kuiuliza kompyuta. Majukwaa hupambana na udanganyifu huo, lakini anayehamia saa ndefu ajiandae kukutana nao.

Baada ya mchezo

Mchezo wa dakika 3 haupitiwi. Nasema hivyo kwa kujua kwamba wapo wanaoupitia, lakini mpangilio wake wote unamwelekeza mtu kwenye mchezo unaofuata, na hata akifungua uchambuzi, injini (programu ya kuchambua sataranji) kama Stockfish itamwonyesha makosa makubwa kumi ambayo sababu ya yote ni moja: hakuangalia. Mchezo wa dakika 15 unampa kitu cha kuuliza. Unakumbuka ulichokuwa ukifikiri katika hatua ya 18, ulidhani nini, ulikataa hatua gani na kwa nini. Njia ninayoipendekeza ni kuupitia mchezo peke yako kwanza, uandike hatua mbili au tatu ulizozitilia shaka, ndipo uwashe injini na kuona kama shaka zako zilikuwa mahali sahihi. Anayewasha injini kwanza hujifunza jibu bila kujifunza swali.

Nani achague nini

Kama lengo lako ni burudani, na kwako sataranji ni dakika chache za kuchangamsha akili kati ya kazi na kazi, dakika 3 zenye nyongeza ya sekunde 2 zinakutosha kabisa, nawe cheza gambiti zako kwa moyo mweupe. Jiwekee kikomo cha kushindwa mara tatu mfululizo, kisha funga.

Kama umekwama katika kiwango kilekile kwa miezi na kete zako zinaliwa kwa hatua moja, hama. Chagua dakika 15 na sekunde 10, michezo mitatu au minne kwa wiki, kila mmoja ukifuatwa na kupitiwa, na blitzi iwe ya kujaribia ufunguzi tu. Mwezi wa kwanza huenda ukashindwa zaidi, kwa sababu wapinzani wa huko hawaingii mitegoni kirahisi. Usiamue mtindo wako katika kipindi hicho. Subiri michezo kama thelathini, kisha tazama ni mipangilio ipi uliyoicheza vizuri ukiwa na muda wa kufikiri: kama ni ile ya kushambulia mfalme, basi ushambuliaji wako ni wa kweli, na gambiti iliyo imara itakufaa, kama ni ile ya kubana polepole, mfumo wa London hautakuwa kisingizio tena.

Kwa anayevutwa na pande zote mbili ila ratiba yake haimpi dakika 40 zisizokatizwa, kuna michezo ya siku kadhaa kwa hatua, ambayo huchezwa kwa kuingia na kutoka. Humo Lichess na Chess.com huruhusu kutazama vitabu na hazina za mafunguo wakati mchezo unaendelea, ingawa injini hukatazwa. Ni shule nzuri ya mafunguo na ya subira, lakini haikufunzi kuamua saa ikiwa inakimbia. Dakika 10 bila nyongeza ni njia nyingine ya katikati, yenye wastani wa sekunde 15 kwa hatua na mchezo usiozidi dakika 20. Ningeichagua hiyo siku za kazi, nikiutunza mchezo wa dakika 15 na sekunde 10 kwa siku ambazo simu inaweza kukaa kimya, maana katika zile dakika 10 bado utafika kwenye wafalme na askari ukiwa na sekunde nane mkononi.